Nimekubali nini? Ridhaa bila lugha si ridhaa

Majuzi nilikuwa kwenye steji ya Tezo nikisubiri matatu ya kwenda Kilifi mjini. Chini ya mwavuli, kijana mmoja alikuwa akisajili watu kwa simu: kitambulisho, picha ya uso, nambari ya simu. Bibi mmoja aliyetoka sokoni akaonyeshwa pa kubonyeza, akabonyeza. Kisha akauliza:

"Sasa hapa nimekubali nini, mwanangu?"

"Ah, ni masharti tu, bibi. Kila mtu anabonyeza."

Masharti yenyewe yalikuwa kwa Kiingereza. Swali la bibi huyo ni la kisheria, lakini kwanza ni la lugha.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya data amweleze mwenyewe, kabla ya kuichukua, inachukuliwa kwa nini na nani mwingine atapewa. Ridhaa nayo ni lazima iwe ya hiari, ya wazi, ya jambo mahususi, na itolewe na mtu aliyefahamishwa. Mzozo ukizuka, mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilipatikana uko kwa aliyeichukua data, si kwa bibi.

Tuyatazame maneno hayo. Wengi huchanganya 'siri' na 'faragha'. Siri ni jambo lililofichwa. Faragha, neno tulilolitoa katika Kiarabu, ni nafasi ya mtu ambayo mwingine haingii bila idhini. Jina la bibi si siri, Tezo nzima inalijua. Hata hivyo faragha anayo, kama alivyo na nyumba inayoonekana na wapita njia wote. Mgeni hupiga hodi akangoja 'karibu'. Asipojibiwa, huenda zake.

Vivyo hivyo, 'kukubali' si sawa na 'kuridhia'. Mtu aweza kukubali shingo upande, au kwa kuwa foleni ni ndefu. Kuridhia ni moyo kutulia baada ya kuelewa. Kitufe cha simu hupokea kidole tu, hakijui kama moyo umeridhia.

Mahakama zetu zimeanza kulitilia mkazo jambo hili. Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma kwa sababu serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari kwa data za raia. Mei 2025, mahakama hiyo iliamuru data za mboni za macho na nyuso zilizokusanywa na mradi wa Worldcoin zifutwe. Watu walikuwa wamevutiwa kwa sarafu za kidijitali, na ridhaa ya namna hiyo haikuhesabiwa kuwa ridhaa halali.

Je, kueleza kwa lugha ya watu ni kazi ngumu mno? Hapa Kilifi, watafiti wa afya wa KEMRI wamekuwa wakiandaa maelezo ya ridhaa kwa Kiswahili na Kigiriama kabla ya kuchukua damu ya mtu. Jirani zetu Tanzania nao waliitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwa Kiswahili. Istilahi zipo, na Katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kilichobaki ni kampuni na idara kulazimishwa kuzitumia, na wanaosajili watu wafunzwe kuyasoma masharti kwa sauti pale anayesajiliwa hawezi kusoma.

Kwa sasa, msomaji wangu, jua hili: sheria inakuruhusu kulalamika kwa Kamishna wa Data kwa maandishi au kwa mdomo, na lalamiko lichunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90. Unaweza pia kuiondoa ridhaa yako wakati wowote.

Na ukipewa simu ubonyeze, usione haya. Uliza kama bibi wa Tezo, ila uulize kabla ya kubonyeza.