Nyota, Sayari na Kimondo: Tofauti Zake

Katika lugha yetu neno "nyota" limebebeshwa mzigo mkubwa. Twasema nyota ya alfajiri, nyota ya kuanguka, nyota yenye mkia na nyota za Kilimia, kana kwamba vyote ni vya jamii moja. Wataalamu wa elimu ya nyota huvitenga, wala si kwa kupenda maneno makubwa. Mtu anayelitazamia anga limwonyeshe majira ya kupanda aweza kupotea asipojua afuate kipi.

Nyota hasa ni mpira mkubwa wa gesi yenye joto kali mno, nao hutoa nuru yake wenyewe. Jua letu ni nyota. Laonekana kubwa kwa sababu li karibu, si kwa kuwa lazipita nyota zote. Halichomi kitu kama jiko lichomavyo makaa. Ndani yake gesi ya haidrojeni hugeuka kuwa gesi nyingine iitwayo heliamu, na katika kugeuka huko ndiko itokako nuru.

Sayari haina nuru yake. Huipokea ya jua na kuirudisha, kama sufuria iliyosuguliwa vema inavyomeremeta uani. Dunia ni sayari. Zuhura pia ni sayari, nayo ndiyo tuiitayo nyota ya alfajiri, na ndiyo hiyo hiyo ionekanayo magharibi jioni katika miezi mingine. Zuhura hulizunguka jua kwa siku 225, lakini kwa kuwa dunia nayo yaenda, hupita siku 584 kabla hatujaiona tena katika hali ile ile. Basi mkulima aliyepanda mwaka huu Zuhura ilipotokea alfajiri, akiingoja itokee tena ndipo apande, atakuta jirani zake wamekwisha kuvuna.

Kilimia si hivyo. Hicho ni fungu la nyota hasa, na wazee hawakulihusisha jina lake na kulima bure. Kila mwaka, mwezi wa Novemba, huchomoza mashariki wakati jua linapokuchwa. Na kila mwaka katikati ya Mei hakionekani, maana hupita angani mchana pamoja na jua. Kilimia hakileti mvua, wala hakijui kama itachelewa. Lakini majira huyaonyesha bila kukosa.

Kuvitambua si kazi ngumu. Nyota hasa humetameta, lakini nuru ya sayari hutulia. Tena, ukiitazama sayari kwa majuma kadhaa utaona yahama kati ya nyota.

Liko neno jingine linalowachanganya wengi, nalo ni "mwaka wa nuru". Hiki si kipimo cha wakati, bali cha umbali: ni mwendo ambao nuru huenda katika mwaka mmoja, nayo huenda kilometa 300,000 kila sekunde. Nuru ya jua hutufikia kwa dakika 8 na kidogo. Ile ya Kilimia huchukua miaka 440 hivi; kwa hiyo uionayo usiku huu iliondoka huko karibu na miaka ile Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593.

Ama "nyota ya kuanguka", hiyo ni kimondo: jiwe au chembe ya vumbi inayowaka ikiingia hewani kwa kasi. Nyingi huteketea juu. Kubwa hufika chini, kama kile cha Mbozi, Tanzania, ambacho ni chuma chenye uzito upatao kilo 16,000.

Na ikiwa waona nuru ndogo ikivuka anga polepole bila kumetameta wala kuzimika-zimika kama taa za ndege, yaelekea ni setilaiti, kazi ya mikono ya wanadamu. Moja ilirushwa hapa kwetu, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini Ngomeni, karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipokuwa ikiadhimisha mwaka wa 7 wa uhuru. Ikapewa jina Uhuru. Kazi yake ilikuwa kutafuta mionzi ya eksirei itokayo mbinguni, nayo ikawasaidia wataalamu kutambua kitu kiitwacho shimo jeusi: mabaki ya nyota iliyojikunja kwa uzito wake hata nuru yenyewe haiwezi kutoka.