Kilimanjaro katika mstari mmoja

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari wa Kijerumani aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro na kutambua kuwa ni theluji. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley alizikataa katakata. Theluji itoke wapi karibu na ikweta, kwenye jua la utosi? Cooley hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, lakini alibisha kwa miaka mingi. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda mlima huo hadi zaidi ya mita 4,000, naye akathibitisha kwamba theluji ipo.

Ubishi ule ungeweza kumalizwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni joto la pale unapoanzia, chini kabisa. Ya pili ni kiasi ambacho joto hupungua kila unapopanda kilomita moja. Cooley aliing'ang'ania ya kwanza, ya pili akaipa kisogo. Wanafunzi wengi wa kidato cha kwanza hukwama hapo hapo wanapofundishwa milinganyo ya mstari, na mlima huu unaweza kuwasaidia kuliko mifano mingi ya vitabuni.

Tuchukue vipimo viwili. Mji wa Moshi uko kwenye kimo cha kilomita 0.8 hivi, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni karibu nyuzi 23 za Selsiasi. Kilele cha Uhuru kiko kwenye kilomita 5.9, na wastani wake ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Sasa, joto hubadilika kwa nyuzi ngapi kwa kila kilomita?

Mwanafunzi mwenye haraka atagawanya 23 kwa 0.8, apate karibu 29. Jibu hilo halina maana yoyote, ila kosa lenyewe linaeleweka, kwa sababu kugawanya hivyo ndiko tulikozoea dukani. Kilo 3 za sukari zikiuzwa shilingi 9,000, kila kilo ni shilingi 3,000, na asiyenunua kitu halipi kitu. Bei huanzia sifuri, kwa hiyo unagawanya moja kwa moja. Joto la Kilimanjaro halianzii sifuri. Usawa wa bahari una joto lake tayari, kabla hujapanda hata hatua moja. Hapo inabidi ugawanye tofauti kwa tofauti. Kutoka 23 hadi -7 joto limeshuka nyuzi 30; kutoka 0.8 hadi 5.9 umepanda kilomita 5.1. Gawanya 30 kwa 5.1, unapata karibu nyuzi 6 kwa kila kilomita. Huo ndio mteremko wa mstari unaounganisha vipimo vyetu viwili kwenye grafu, na ni hasi kwa kuwa joto linapungua kimo kinapoongezeka.

Mteremko huo una sababu yake. Hewa inayopanda hukutana na mgandamizo mdogo, hutanuka, na kutanuka huko huipunguzia joto. Hewa kavu hupoteza karibu nyuzi 10 kwa kilomita. Yenye unyevu hupoteza pungufu ya hapo, maana mvuke unapogeuka matone ya mawingu huachia joto. Kwa hiyo 6 ni wastani wa mlima mzima. Siku moja, upande mmoja, unaweza kupima kiasi kingine.

Bado tunahitaji mahali mstari unapokata mhimili wa joto, yaani joto la kimo sifuri. Kutoka Moshi shuka kilomita 0.8: unaongeza karibu nyuzi 5, unapata 28. Mlinganyo umekamilika: joto ni 28 kutoa mara 6 ya kilomita ulizopanda kutoka usawa wa bahari. Hiyo 28 haikupimwa na mtu, kwa kuwa mlima haufiki baharini. Imepatikana kwa kuurefusha mstari. Dar es Salaam, ambako bahari ina kauli yake, wastani ni karibu 26. Namba ya mwanzo inayopatikana namna hii ni makisio, na ni vizuri mwalimu akilisema hilo waziwazi.

Tuupeleke mlinganyo mlimani. Kwenye kambi ya Mandara, kilomita 2.7, unakupa karibu nyuzi 12. Kwenye kambi ya Horombo, kilomita 3.7, karibu 6. Ukitaka kujua joto linafika sifuri wapi, gawanya 28 kwa 6: karibu kilomita 4.7. Kibo Hut na kambi ya Barafu ziko kwenye kimo hicho hicho, na wapagazi wanaoamka huko usiku wa manane kuwaandaa wageni kwa safari ya kilele wanaijua vizuri baridi yake.

Namba hizi mbili hubadilika kila moja kwa njia yake. Tuseme hewa yote ya mlima imeongezeka joto kwa nyuzi 1. Mteremko unabaki ule ule. Mstari mzima unapanda, na mwanzo unakuwa 29. Mahali pa sifuri panasogea juu kwa sehemu moja ya sita ya kilomita, yaani mita 170 hivi. Mkulima wa kahawa ya arabika, zao linalostawi mlimani hapa takribani kati ya mita 1,000 na 1,800, anajikuta na shamba lenye joto la shamba lililokuwa mita 170 chini yake. Hajahama, na hawezi kuhamia juu zaidi, kwa kuwa huko kuna msitu wa hifadhi.

Barafu ya kileleni inahitaji uangalifu zaidi. Zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake la mwaka 1912 imekwisha kutoweka, na ni rahisi kusema joto limeiyeyusha. Lakini mstari wetu unaonyesha kilele kina wastani wa -7. Ongeza nyuzi 1, bado ni -6. Watafiti waliopima huko juu wanataja zaidi uhaba wa theluji mpya tangu mwisho wa karne ya 19, na jua kali linalogeuza barafu kuwa mvuke bila kupitia maji. Mvua na mawingu hayamo kwenye mlinganyo wetu, hivyo chanzo kikubwa cha upotevu huo kitafutwe kwenye vipimo vya theluji na mionzi ya jua, pamoja na vya joto.