Galesburg: nani anaangaliaka katikati ya mji?



Siku ya posho tunatoka kwa salongo. Tunazibua mifereji, tunafagia njia, kisha kila mtu anarudi kufungua duka lake. Ni kazi nzuri, siikatai. Lakini salongo inaondoa takataka tu. Haiulizi kwa nini yule aliyekuwa anauza vitabu karibu na iniverisite alifunga mlango, ao kwa nini etaje ya juu iko tupu tangu miaka mitano. Leo nataka kuwaelezea mji mmoja ambako watu waliuliza hilo swali, halafu wakamweka mtu wa kulishughulikia kila siku.

Mji wenyewe ni Galesburg, katika jimbo la Illinois, Marekani, karibu kilometa 300 kutoka Chicago. Mji na chuo vilizaliwa pamoja. Katika miaka ya 1830, kikundi cha wakristo kutoka New York, wakiongozwa na pasta George Washington Gale, walinunua ardhi pale, wakauza viwanja, na feza ya viwanja ikasaidia kuanzisha chuo tunachokiita leo Knox College. Walikuwa watu wa kupinga utumwa. Hiram Revels, Mweusi wa kwanza kuingia katika Seneti ya Marekani mwaka 1870, alipita katika chuo hicho. Baadaye reli ikafika, na mji ukawa mji wa treni mpaka leo.

Donke, mji ulikuwa na wanafunzi, ulikuwa na reli, ulikuwa na maduka ya matofali yenye etaje mbili tatu. Kwa hesabu ya 1960 ulikuwa na watu kama 37,000. Shida ikatoka wapi? Ikatoka kwa motokari. Katika miaka ya 1970 soko kubwa la kisasa, lenye maduka mengi chini ya paa moja na parking kubwa, lilifunguliwa pembeni ya mji. Mama wa nyumba anapakia watoto mu gari, ananunua vyote pale, anarudi. Kwa nini ateseke kutafuta nafasi ya kusimamisha gari mbele ya duka la zamani? Miji mingi ya Marekani ilipatwa na ugonjwa huo wakati ule. Wenye maduka wengine walifunika matofali ya zamani kwa mabati ya aluminiumu ili waonekane wapya. Kumbe walikuwa wanaficha kitu kimoja ambacho lile soko la pembeni halikuwa nacho.

Mwaka 1977 shirika la kitaifa la kulinda majengo ya kihistoria lilitaka kufanya jaribio. Ofisi yake ya Chicago, chini ya mama Mary Means, ilichagua miji mitatu midogo: Madison katika Indiana, Hot Springs katika South Dakota, na Galesburg. Jaribio lilidumu miaka mitatu, mpaka 1980.

Hapa njo tukae kidogo. Kitu cha kwanza walichofanya si kujenga. Waliweka katika kila mji mtu mmoja ambaye kazi yake, kutoka asubuhi hadi jioni, ilikuwa ule mtaa wa maduka. Soko la pembeni lilikuwa na mkurugenzi: yeye anapanga saa za kufungua, anatafuta wapangaji, anatangaza, anahakikisha taa zinawaka. Katikati ya mji kulikuwa na wenye nyumba makumi, kila mtu na funguo zake, kila mtu na hasira zake kwa jirani. Hakuna aliyekuwa anauangalia mtaa kama kitu kimoja. Mimi naona siri yote iko pale.

Yule mtu alifanya kazi pande nne kwa pamoja. Alikusanya wenye maduka, mabenki, watu wa manispaa na wakaaji wa kujitolea kwenye meza moja. Alitangaza mtaa kwa sherehe na siku za soko. Alisaidia kurudisha sura ya majengo, hatua kwa hatua, kwa gharama ndogo. Tena alifanya hesabu: duka gani linakosekana, nani anaweza kulifungua, nani atamkopesha. Ukichukua upande mmoja tu, haiendi. Rangi mpya kwa jengo lisilo na mpangaji ni feza ya bure. Leo njia hiyo inafuatwa katika miji na mitaa zaidi ya 1,000 ya Marekani.

Ukienda Galesburg utaona Seminary Street, mtaa wa matofali uliorekebishwa, hatua chache tu kutoka kituo cha treni. Chuo hakiko mbali, na mwanafunzi anafika kwa miguu. Kuko pia jumba la Orpheum la mwaka 1916, lililookolewa na kufunguliwa tena. Okestra ya mji na chuo, inayodumu tangu 1951, inapigia muziki mule. Mnaona? Profesa na mwenye duka wanaketi katika ukumbi mmoja. Lile soko la pembeni lililotisha kila mtu, lenyewe limekwisha kufungwa.

Lakini nisiwadanganye. Mwaka 2004 kiwanda cha frigo cha Maytag kilifunga, kazi karibu 1,600 zikaenda, na uzalishaji ukahamia Reynosa, Mexico. Obama alitaja wafanyakazi wale katika hotuba yake ya mwaka ule iliyomfanya ajulikane. Mtaa mzuri hauwezi kulipa mshahara wa kiwanda. Hesabu ya 2020 ilikuta watu kama 30,000 tu. Mtaa ulibaki, lakini mifuko ya wateja ilikuwa imepungua.

Na hapa habari inatugusa sisi. Katika miaka ya karibuni Wakongomani wengi wamehamia Galesburg, na wengi wao wanafanya kazi katika kiwanda cha nyama ya nguruwe huko Monmouth, mji mwingine mdogo wa chuo, kama kilometa 25 upande wa magharibi. Ni watu wa kupanga nyumba, wa kusuka nywele, wa kutafuta sombe na unga wa muhogo. Sasa swali liko kwa wale wa meza moja: mama Mkongomani akitaka duka dogo katikati ya mji, nani atamwonyesha mwenye nyumba, nani atamsomea mkataba kwa lugha anayoielewa, na benki gani itamkopesha bila historia ya mkopo?