Baiskeli ya Injini Inapogoma Njiani
(Somo la redio kwa watu wazima)

Viongozi wa vikundi, hakikisheni kila mtu anasikia vema, na mwenye kalamu awe tayari kuandika. Leo tutazungumza juu ya baiskeli iliyofungwa injini ndogo, na namna ya kutafuta ugonjwa wake inapokataa kwenda.

Baiskeli ya namna hii mtu huiunda mwenyewe. Huchukua baiskeli ya kawaida yenye fremu imara, akafunga katikati yake injini ndogo ya petroli, tangi juu ya bomba la fremu, na mnyororo wa pili wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Injini hizo nyingi ni za mipigo miwili: pistoni ikipanda mara moja na kushuka mara moja, moto umekwisha kuwaka mara moja. Mwingereza Joseph Day alionyesha njia rahisi ya kuunda injini kama hiyo mwaka 1891, na hata leo njia yake ndiyo inayofuatwa.

Sasa tuseme ndugu mmoja wa Lundo amebeba kapu la usipa, anakwenda Mbamba Bay, na kutoka hapo atapanda milima kwenda kuuza Mbinga. Katikati ya mlima injini inazima. Jua linapanda, na usipa mbichi hawangoji mtu. Kwa haraka anashika spana na kufungua kila skuru anayoiona. Jioni ugonjwa mmoja umekuwa mitatu, na kapu zima limeoza. Basi, kanuni ya somo letu ni hii: uliza kwanza, fungua baadaye, tena badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ujue ni kipi kilichoponya.

Injini yataka vitu vinne ili iwake: petroli, hewa, cheche ya moto, na mgandamizo ndani ya silinda. Yafaa tuviulize kwa zamu, tukianza na kile kilicho rahisi kutazama.

Swali la kwanza: je, petroli yafika? Tazama tangi, kisha tazama kama koki imefunguliwa. Ikiwa injini huenda vizuri dakika kumi hivi, ikazima, ukipumzika ikawaka tena, shuku kifuniko cha tangi. Kifuniko kina tundu dogo la kuingiza hewa. Likizibwa na vumbi, petroli haiwezi kushuka, kama vile maji yasivyotoka katika dumu lisilopata hewa. Legeza kifuniko, injini ikipona, umepata jibu. Kama sivyo, safisha chujio, kisha kikombe cha chini cha kabureta, na kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli. Kipulize kwa mdomo au kwa pampu. Usikichokonoe kwa waya, kwani kikipanuka kitapitisha petroli nyingi kupita kiasi siku zote.

Swali la pili: je, cheche ipo? Fungua plagi, irudishe katika kofia ya waya wake, kisha laza chuma chake juu ya injini, mbali na tundu la silinda. Mwenzako azungushe injini. Cheche njema ni ya buluu, tena yenye nguvu. Jihadharini! Kabla ya kufanya hivi funga koki ya petroli, futa petroli yoyote iliyomwagika, na mwenye sigara akae mbali. Watu wameungua kwa jaribio hili dogo. Usipoona cheche, jaribu plagi nyingine. Bado hakuna? Chomoa waya za swichi ya kuzimia injini. Swichi hiyo huzima kwa kuupeleka umeme kwenye chuma, kwa hiyo waya uliochubuka na kugusa fremu waweza kuzima injini bila wewe kugusa kitu. Cheche ikirudi, tengeneza waya ule kabla hujaendelea na safari.

Kabla hujairudisha plagi, isome. Ncha yake ikiwa ya kahawia, injini ina afya. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi au hewa ni haba. Tazama kama choki imebaki imefungwa au chujio la hewa limejaa vumbi. Ikiwa nyeupe, petroli ni haba au hewa inaingia kwa wizi, mara nyingi penye gasketi kati ya kabureta na silinda. Usiidharau rangi nyeupe. Injini hiyo ina joto kali, na pistoni yaweza kukwama ndani ya silinda.

Swali la mwisho: je, mgandamizo upo? Achia klachi, kisha sukuma baiskeli. Gurudumu likizunguka pamoja na injini bila kusikia ukinzani wowote, huenda ringi zimekwisha, au gasketi ya kichwa imepasuka, au plagi haikukazwa. Kaza plagi kwanza. Mengine mpelekee fundi.

Sasa tusikilize jambo lililo kubwa kuliko yote. Injini ya mipigo miwili haina mahali pake pa kuwekea oili. Oili huchanganywa na petroli, nayo hupita pamoja nayo ikilainisha kila kitu. Atiaye petroli tupu anaiua injini yake. Fuateni kipimo cha mtengenezaji. Kikiwa sehemu moja ya oili kwa ishirini za petroli, kila lita ya petroli yataka mililita 50 za oili. Nunua bomba la sindano la mililita 10, ondoa sindano, uvute oili mara tano. Usikadirie kwa macho. Nunua oili ya injini za mipigo miwili, kama ile ya misumeno ya kukatia miti.

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Nyasa tuna jambo letu zaidi. Ziwa liko yapata meta 475 juu ya usawa wa bahari, na Mbinga iko juu zaidi ya meta 1,000. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo petroli yaonekana nyingi, na injini hukohoa na kutoa moshi. Wengine hupunguza petroli kwenye sindano ya kabureta. Si vibaya, lakini ukiteremka ziwani irudishe kama ilivyokuwa, ama sivyo injini itachomeka.

Kuteremka kwenyewe kuna hatari nyingine. Ukifunga mafuta huku gurudumu likiizungusha injini kwa kasi, petroli haiingii, na oili haiingii pia. Pistoni yakimbia kavu. Katika mteremko mrefu shika klachi, injini izunguke polepole yenyewe, na tumia breki. Ndiyo maana breki hutazamwa kabla ya injini. Breki zilizotengenezwa kwa mtu anayekanyaga pedali huenda zisitoshe kwa mtu, injini na kapu la samaki. Simama njiani zipoe. Kaza pia nati za gia iliyofungwa kwenye spoku za nyuma, kwani ikilegea mnyororo waweza kuruka na kuliziba gurudumu.

Kazi ya vikundi ni hii. Kwanza, kila kikundi kichore tangi, kabureta, plagi na silinda, kikionyesha njia ya petroli. Pili, jadilianeni: injini imezima, cheche ipo, plagi ni kavu kabisa, mtatazama wapi? Tatu, pimeni oili ya dumu la lita 5 kwa kipimo tulichokitaja. Mwenye kupata mililita 250 amesikiliza vema.

Wasikilizaji wetu, muda wetu umekwisha. Kwaherini.