Kesho Asubuhi Nani Atadeki?

Kila ifikapo Mei, shule za sekondari za Marekani huingia msimu wa vituko. Wanafunzi wa darasa la 12, waliobakiza wiki chache tu wavae joho, hupanga kituko cha mwisho cha kuiaga shule. Wapo wanaotandaza korido nzima vikombe vya plastiki vilivyojaa maji, vimebanana toka ukuta hadi ukuta hata pasipatikane pa kukanyaga. Wapo wanaoachia kuku watatu ndani ya shule, wameandikwa namba 1, 2 na 4, ili walimu washinde wakimsaka namba 3 ambaye hajawahi kuwapo. Na wapo wanaopaka vitasa vya milango mafuta ya mgando, wakamwaga rangi sakafuni na kupindua madawati. Vyote hivyo vinaitwa kwa jina moja, vituko vya wahitimu, na wazazi wengi huvitia kapu moja: mambo ya watoto. Hapo ndipo kosa la mzazi linapoanzia. Kituko cha kuku na kituko cha rangi havina undugu, na mtu mwenye nafasi nzuri kuliko wote ya kumwonyesha kijana tofauti hiyo ni mzazi wake, tena kabla ya usiku wenyewe, kwa swali dogo tu: kesho asubuhi nani atadeki?

Kipimo cha swali hilo hakiko mbali na msomaji wa Kiswahili, kwa kuwa anakijua tayari katika utani. Mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown aliandika juu ya mahusiano ya namna hiyo mwaka 1940, na miaka minne baadaye R. E. Moreau akaeleza utani wa makabila ya Tanganyika. Lakini aliyewahi kuwaona watani wakiingia msibani anazijua kanuni zake bila kufungua kitabu. Utani si ruhusa ya kumfanyia yeyote chochote. Mtani wako anajulikana ni nani. Ukimtania leo, kesho naye ana haki ya kukurudishia. Na yule anayemwiga marehemu mbele ya wafiwa hadi watu wanacheka na machozi yakiwatoka, ndiye huyohuyo anayeshika jembe kaburini na kusimamia sufuria jikoni. Utani una mzigo wake, na mtani haukimbii. Tukiupima utundu wa wahitimu kwa mizani hiyo, mkuu wa shule anaweza kuwa mtani halali: ana cheo, ana kipaza sauti, na siku ya mahafali anaweza kuwajibu vijana mbele ya wazazi wao wote wakacheka. Mfanya usafi hana nafasi hiyo. Yeye ameingia saa kumi na moja alfajiri, amekuta vikombe elfu kadhaa vya maji, na lazima avinyanyue kimoja kimoja kabla ya kengele ya kwanza. Hakuombwa aingie kwenye utani huo, wala hana namna ya kulipiza. Mzaha ukimwangukia mtu wa namna hiyo umekwisha kuwa uonevu, hata kama waliouandaa walikusudia kuchekesha tu.

Kwa nini kijana wa miaka 17 au 18, mwenye akili timamu na barua ya chuo mkononi, asilione jambo hilo mwenyewe? Jibu zuri lilitolewa mwaka 2005 na Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Chuo Kikuu cha Temple, Philadelphia. Waliwachukua watu 306 wa marika matatu, wa miaka 13 hadi 16, wa miaka 18 hadi 22, na wa miaka 24 na zaidi, wakawapa mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari ambamo mtu huamua asimame taa inapobadilika au ajaribu bahati. Wengine walicheza peke yao, wengine wakiangaliwa na wenzao. Watu wazima hawakubadilika sana. Wadogo kabisa, wenzao walipokuwapo, walijitosa kwenye hatari waliyoiepuka walipokuwa peke yao, na wale wa kundi la kati walifuata nyuma yao. Mwanafunzi wa darasa la 12 anasimama mpakani mwa makundi hayo mawili. Maana yake kwa mzazi ni kwamba kijana unayezungumza naye mezani jioni na kijana aliyebanana na wenzake watano ndani ya gari saa nane usiku ni kama watu wawili. Wa kwanza anaweza kufikiri juu ya mfanya usafi. Wa pili anasikia vicheko tu. Basi swali la kudeki lina wakati wake, na wakati huo ni mezani.

Gharama ya kulichelewesha si ndogo. Mwezi Mei 2014, polisi wa Teaneck, New Jersey, waliitwa usiku wa manane kwenye shule ya sekondari ya mji huo wakakuta wanafunzi ndani, samani zimepinduliwa na vitasa vimepakwa mafuta. Zaidi ya vijana 60 walikamatwa, na waliokuwa wamefikisha miaka 18 wakashtakiwa kama watu wazima wengine, kwa kuvunja jengo na kuharibu mali. Mwaka 2011 huko Rushville, Indiana, kamera za shule zilimnasa mtu aliyejifunika kichwa na kuvaa glavu, akiingia na boksi na kutoka mikono mitupu. Shule ikahamishwa watu na kikosi cha mabomu kikaitwa. Ndani ya boksi lile, chooni, palikuwa na mwanasesere wa kupulizwa. Kijana mwenyewe, mwenye miaka 18, alifunguliwa shtaka la jinai ambalo lingeweza kumpa kifungo cha hadi miaka minane. Na Mei 2025, katika wilaya ya Spotsylvania, Virginia, kijana wa miaka 18 aliyekuwa karibu kuhitimu alipigwa risasi akafa baada ya mchezo wa kubonyeza kengele za watu usiku na kukimbia. Mkazi wa nyumba hiyo alishtakiwa kwa mauaji. Katika matukio haya yote, mtoto aliona mchezo mahali ambapo mtu mwingine aliona mwizi, bomu au mvamizi. Mtu mzima aliyeishi na kuona mengi huweza kuwaza atakachokiona yule wa upande wa pili. Kijana bado anajifunza, na wa kumfunza ni mzazi.

Hatari hiyo haigawanywi sawa kwa sawa. Takwimu za Wizara ya Elimu ya Marekani za mwaka wa masomo 2017–18 zilionyesha kuwa wanafunzi weusi walikuwa kama asilimia 15 ya wanafunzi wote wa shule za umma, lakini walikuwa kama asilimia 38 ya waliosimamishwa masomo wakarudishwa nyumbani. Jambo hili linawagusa moja kwa moja wazazi wanaozungumza Kiswahili huko. Katika mwaka wa bajeti wa 2019 pekee Marekani iliwapokea karibu wakimbizi 13,000 kutoka Kongo, na wengi wa Wakongo waliohamia huko huongea Kiswahili nyumbani. Mzazi aliyekulia Uvira au Fizi, kisha akapitia kambi, hajawahi kusikia kwamba ipo siku wanafunzi hujiona wana haki ya kuichezea shule. Akisikia neno kituko hudhani ni utundu wa kawaida, au hapati habari kabisa. Naye ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kujua, maana kwa kijana asiye raia hukumu ya jinai inaweza kuvuruga maombi ya uraia na hata haki ya kuishi nchini. Wenzake wakitoka na onyo, yeye anaweza kutoka na kesi.

Kufikia hapa mzazi mkali atasema: basi dawa ni kupiga marufuku na kufunga mlango saa mbili. Hoja hiyo ina mvuto, ila ushahidi hauibebi. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti wao juu ya vijana wa miaka 14 nchini Uswidi na wazazi wao, wakiuliza mzazi anayejua nyendo za mwanawe huzijulia wapi. Ilidhaniwa siku zote kwamba ni kwa kufuatilia na kubana. Walichokikuta ni kwamba sehemu kubwa ya ujuzi huo hutoka mdomoni mwa mtoto mwenyewe, anapoamua kusimulia. Mzazi ambaye kila habari huijibu kwa ngumi mezani anajikatia chanzo chake cha habari. Kituko kitafanyika vilevile. Tofauti ni kwamba yeye ataarifiwa na polisi. Shirika la SADD, lililoanzishwa mwaka 1981 huko Wayland, Massachusetts, kupambana na ulevi wa vijana barabarani, lililijua jambo hili mapema. Mkataba wake maarufu ulimtaka kijana aahidi kupiga simu nyumbani akijikuta hatarini, na mzazi aahidi kwenda kumchukua saa yoyote, ugomvi uahirishwe hadi kesho. Ahadi hiyohiyo inafaa usiku wa vituko: ukiona wenzako wamevuka mpaka, nipigie, nakuja, na mazungumzo yatafuata baada ya usingizi.

Mzazi wa upande wa pili, yule rafiki wa watoto, ana hoja yake: kwa kuwa watafanya tu, afadhali mimi niwanunulie karatasi za chooni za kutundika mitini, niwaendeshe na gari, nisimame pembeni. Nia yake ni njema, lakini hoja ya namna hii imekwisha kupimwa katika jambo la karibu, ambalo ni pombe. Richard Mattick na wenzake nchini Australia waliwafuata vijana 1,927 na wazazi wao kwa miaka sita, na mwaka 2018 wakaripoti kuwa kupewa pombe na mzazi hakukumkinga kijana na madhara yoyote. Waliopewa nyumbani walielekea zaidi kuipata kwingine pia. Pombe si kituko, na hatuwezi kuhamisha matokeo yale jinsi yalivyo. Linalohamishika ni onyo: kijana husoma mkono wa mzazi kama kibali, wala hasomi masharti yaliyoandikwa kwa herufi ndogo chini yake. Kushiriki kwenye manufaa kuna sura nyingine. Mwaka 1979, katika eneo la Oxford Hills, jimbo la Maine, msimu wa mahafali uliacha misiba ya vijana waliokufa kwa ajali zilizohusiana na pombe. Mwaka uliofuata wazazi, shule na jamii waliandaa sherehe ya usiku kucha isiyo na kilevi, na mtindo huo ukaenea nchi nzima kwa jina la Project Graduation. Wazazi wale walitenda mchana kweupe, wenye mahali wakijua, na jina lao likiwa juu ya jambo. Dereva wa siri wa usiku wa manane hana hata moja kati ya hayo matatu.

Pingamizi la mwisho ni la vijana wenyewe, nalo linastahili heshima: kituko chenye ruhusa ya baba na mama hakina ladha. Lakini tazama mabingwa wa kazi hii. Alfajiri moja ya Mei 1994 watu waliamka wakaona kazi ya wanafunzi wa MIT: gari la polisi limeegeshwa juu ya kuba kubwa la chuo hicho, na ndani yake mwanasesere wa polisi na boksi la donati. Lilikuwa ganda la gari, vipande vya bati vilivyoshikizwa kwenye fremu ya mbao. Utamaduni wa vituko vya MIT una miiko yake: usiharibu, usimdhuru mtu, usiache kazi ngumu ya kuondoa. Miiko hiyo ndiyo iliyowalazimisha kuumiza vichwa, na ladha ikatoka humo. Kuvunja kioo hakuhitaji akili. Tena swali la mzazi haliombi siri yote imwagwe; linataka mwenye mahali asishtukizwe na jambo linaloweza kumtisha. Mwaka 2012, wanafunzi zaidi ya 60 wa Kenowa Hills, Michigan, walikwenda shule kwa baiskeli, gari la polisi likiwaongoza na meya akiwapa donati. Ilikuwa furaha tupu, isipokuwa mkuu wa shule hakuambiwa. Alikasirika na kuwarudisha nyumbani, kisha akaomba radhi hadharani. Mkuu alikosea kwa hasira, lakini mtu mzima mmoja tu angeuliza kama ameambiwa, siku ile isingeharibika.

Jambo likishaharibika, mzazi ana kazi ya pili, ambayo ni ngumu kuliko ya kwanza: kutomfichia mtoto bili. Sheria za majimbo mengi humtaka mzazi alipe uharibifu uliokusudiwa na mtoto wa chini ya miaka 18. California, kwa mfano, iliweka kikomo cha dola 25,000 ambacho hupandishwa kadiri bei zinavyopanda. Kwa hiyo mzazi hukimbilia kuandika hundi, au kutafuta wakili, au kugombana na mkuu wa shule ili joho livaliwe kama ilivyopangwa. Wakili ana mahali pake pale mashtaka yanapozidi kosa, kama ya Rushville. Lakini hundi peke yake humfundisha kijana kwamba uchafu wa mtu mwenye wazazi huondoka wenyewe. Mtani wa kweli hubaki kwenye mzigo. Kijana na arudi kesho yake saa kumi na moja alfajiri, amkute mfanya usafi, amsalimie kwa jina lake, achukue ndoo na tambara la deki aanzie mwisho wa korido. Na yule ambaye bado hajafanya kitu, aliyeulizwa mezani wiki moja kabla akajibu bila kusita, "Tutadeki wenyewe, mama, tumeshapanga nani anabeba ndoo," huyo mwache aende na kuku wake watatu.