Mtaalamu wa Viungo na Dawa za Mgonjwa Wake

Mtu aliyepatwa na kiharusi, au aliyevunjika nyonga, au anayesumbuliwa na maumivu ya mgongo yasiyokoma, anapopelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, aghalabu hudhani kwamba huko hushughulikiwa viungo tu, na kwamba dawa alizoandikiwa ni shauri baina ya daktari na mfamasia. Dhana hiyo si sahihi. Kwani mtaalamu wa viungo huongozwa na dalili anazozipata mwilini, yaani mapigo ya moyo, pumzi, maumivu, nguvu za misuli na uthabiti wa miguu, na katika hizo zote hakuna hata moja ambayo dawa haiwezi kuigeuza.

Tutazame, mathalan, mgonjwa wa shinikizo la damu anayemeza propranololi. Dawa hiyo, iliyobuniwa na Mskochi James Black, ambaye mwaka 1988 alikuwa miongoni mwa waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya utabibu, huizuia adrenalini isiuharakishe moyo. Desturi ya kukisia kikomo cha mapigo ni kutoa umri wa mtu katika 220, hata mwenye miaka 60 akahesabiwa mapigo 160 kwa dakika. Lakini anayetumia dawa hiyo huenda asiikaribie hesabu hiyo ijapokuwa anatweta, na mtaalamu asiyelijua hilo, akimhimiza aongeze bidii mpaka mapigo yatimie, atakuwa anamtwisha mzigo asioustahimili. Ndiyo sababu mjuzi huiweka saa kando, akamtaka mgonjwa mwenyewe aeleze uzito wa kazi anayoifanya, kwa kipimo cha 6 hadi 20 alichokitunga Mswidi Gunnar Borg.

Mambo huzidi kutatanika mgonjwa huyo akiwa na kisukari pia, naye hujidunga insulini. Mazoezi huifanya misuli itumie sukari kwa wingi, na insulini iliyodungwa pajani, kisha paja lilelile likatumikishwa, huweza kuingia katika damu upesi kuliko ilivyokusudiwa, sukari ikashuka kupita kiasi. Kwa kawaida mtu huitambua hatari hiyo kwa kutetemeka na kwa moyo kwenda mbio. Lakini propranololi huzificha dalili hizo mbili, likabaki jasho, ambalo katika chumba cha mazoezi halimshangazi yeyote. Tena hatari haiishii hapo, maana sukari yaweza kushuka saa kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa usingizini.

Ziko dawa nyingine ambazo athari zake huangukia moja kwa moja juu ya viungo vyenyewe. Anayetumia wafarini, inayozuia damu isigande, akikandwa kwa nguvu huweza kuvilia damu ndani ya misuli. Na prednisoloni, ikitumika kwa muda mrefu, huidhoofisha mifupa, kadhalika misuli ya mapaja na mabega. Siprofloksasini nayo, antibiotiki ijulikanayo katika kila duka la dawa, mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru itiwe onyo kali juu ya hatari ya kuchanika kano, hususan ile ya kisigino, hatari ambayo huwa kubwa zaidi kwa waliopita miaka 60 na kwa wanaotumia prednisoloni. Kisigino cha mgonjwa kama huyo kikiuma, hakinyooshwi, bali hupumzishwa, na daktari akaarifiwa mara moja.

Huku kwetu Afrika Mashariki, ambako kifua kikuu kingali kinawaandama watu, isoniazidi yastahili kutajwa peke yake, maana huweza kuupunguzia mwili vitamini B6, na kuleta ganzi na michomo nyayoni. Mtaalamu asiyeuliza habari za dawa yamkini akadhani ni mshipa uliobanwa mgongoni, akaendelea kuunyoosha mgongo huo wiki baada ya wiki, ilhali mishipa ya fahamu inazidi kuharibika kwa kukosa vitamini ambayo hospitali ingeweza kumpa.

Haya yote hayampi mtaalamu wa viungo idhini ya kupunguza au kusimamisha dawa yoyote. Baklofeni, inayolegeza misuli iliyokakamaa, ikikatwa ghafla huweza kuleta degedege. Linalompasa ni kuuliza, kuandika na kumpasha daktari habari, kwa kuwa yeye ndiye amwonaye mgonjwa mara kwa mara, kwa muda mrefu, tena akiwa katika mwendo, wasaa ambao daktari ni nadra kuupata.

Nawe msomaji, uendapo kwenye mazoezi, chukua dawa zako zote, za hospitali, za dukani na za mitishamba, umwonyeshe mtaalamu wako na kumweleza saa ulizozitumia. Usiifiche hata diklofenaki uliyojinunulia kwa ajili ya maumivu, kwani ikikutana na wafarini huzidisha hatari ya kutokwa na damu.