Dola Isiyo na Dini, Wananchi Wenye Dini

Machi 19, 2021, Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania akiwa ameshika Kurani. Mwaka 2015, mtangulizi wake John Magufuli alikuwa ameapa kwa Biblia. Wote wawili waliapa kuilinda Katiba ambayo ibara yake ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyo na dini. Wapo wanaoona mgongano hapo. Kisheria haupo, na kila raia anastahili kujua kwa nini.

Ufafanuzi uko katika ibara ya 19. Kuamini na kueneza dini ni hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo dola haiwezi kujichagulia dini, kumlazimisha mtu kuamini au kutoamini, wala kujipa usemi katika ibada za msikitini na kanisani. Katiba haikumtaka kiongozi aivue imani yake aingiapo Ikulu. Ilichokataza ni kuitumia Ikulu kuitukuza imani hiyo juu ya nyingine.

Ufaransa ilipita njia nyingine. Baada ya mvutano mrefu kati ya wanajamhuri na Kanisa Katoliki, sheria ya Desemba 9, 1905 iliitenganisha dola na makanisa, na sheria ya 2004 ikawakataza wanafunzi wa shule za umma kuvaa alama za dini zinazoonekana waziwazi, hijabu ikiwamo. Hata hivyo, katika Alsace na Moselle, zilizokuwa chini ya Ujerumani mwaka 1905, serikali inawalipa mishahara mapadri, wachungaji na marabi mpaka leo. Kila nchi hupanga jambo hili kwa kadiri ya historia yake.

Kwetu, dini na dola hukutana zaidi katika huduma na sheria za familia. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilianzishwa na Kanisa Katoliki, ikataifishwa, kisha mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa Kanisa kwa makubaliano na Serikali. Mwaka 1992 Serikali ilitia saini hati ya makubaliano na makanisa kuhusu huduma za afya na elimu. Hati hiyo imelalamikiwa kwa miaka mingi na Waislamu wanaoiona kuwa ni upendeleo, na lalamiko hilo linastahili jibu la msingi badala ya kupuuzwa. Fedha ya umma inaweza kupita katika hospitali ya dini kwa sharti kwamba inamtibu mgonjwa yeyote, na kwamba taasisi ya dini nyingine yenye uwezo uleule itapewa nafasi ileile. Sharti hilo likikosekana, mlipakodi anagharamia dini asiyoichagua.

Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inatambua ndoa ya Kikristo, ya Kiislamu, ya kimila na ya kiserikali. Wanandoa wanaogombana hupelekwa kwanza kwenye baraza la usuluhishi, ambalo linaweza kuwa la jumuiya yao ya dini. Lakini kuivunja ndoa kisheria ni kazi ya mahakama. Zanzibar ina Mahakama za Kadhi. Kenya pia inazo: Katiba yake ya 2010 inasema hakuna dini ya taifa, kisha katika ibara ya 170 inawapa makadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi, pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa huko. Ridhaa hiyo ndiyo inayozifanya mahakama hizo za Kenya ziendane na dola isiyo na dini.

Je, viongozi wa dini wanyamaze katika siasa? Agosti 2023 maaskofu Wakatoliki wa Tanzania walitoa tamko la kuupinga mkataba wa bandari na Dubai, na wako waliowaambia warudi altareni. Nadhani waliowaambia hivyo walikosea. Askofu na sheikh ni raia. Maaskofu walijenga hoja juu ya masharti ya mkataba na rasilimali za nchi, mambo ambayo Mwislamu, Mkristo na asiye na dini wote wanaweza kuyapima na kuyakubali au kuyakataa. Hoja ya namna hiyo ni halali barazani, hata ikitoka mimbarini. Isiyo halali ni ile inayotaka sheria imfunge kila mtu kwa sababu tu kitabu cha kundi moja kimeagiza.

Basi kila dini inapoomba jambo kwa Serikali, tuulize: je, ningelikubali kama lingeombwa na dini nisiyoifuata? Anayenyamazia upendeleo kwa kuwa leo unamnufaisha, hatakuwa na hoja siku utakapomgeukia.